Wasomaji Wauliza: Heshima na Ujuzi kati ya Wenye Magari-Nyumba ya Zamani

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Houston, Texas. Nimenunua gari-nyumba la GMC la mwaka 1976, lile refu la futi 26, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Nilijiunga na kundi la wamiliki wenzangu mtandaoni, nikaandika: "Gari langu linachemsha, nifanye nini?" Wa kwanza kunijibu aliniambia nitafute kwanza majibu ya zamani, kwa kuwa swali hilo limeulizwa mara nyingi. Wengine wakanirudishia maswali juu ya swali langu. Niliona nimedharauliwa, nikanyamaza. Je, nilikosea wapi, au ndivyo walivyo watu wale?
Msomaji, Houston

JIBU: Ndugu yetu wa Houston, pole kwa kuvunjika moyo. Waliokurudishia maswali hawakukudharau hata kidogo. Hao ndio waliokuwa wamekwisha kuamua kukusaidia. Aliyekuambia utafute kwanza alisema kweli, lakini alipungukiwa na uungwana, kwa sababu angeweza kukuonyesha mahali majibu hayo yalipo. Mgeni ambaye hajajua kama ugonjwa wa gari lake uko kwenye rejeta, kwenye feni au kwenye themostati (kilango kinachofungulia maji ya kupoza injini yapite kwenye rejeta) hawezi kujua atafute neno gani.

Inafaa uelewe kwa nini kundi la namna hiyo lina thamani kubwa kuliko makundi mengine ya magari. Magari-nyumba hayo yalitengenezwa na General Motors huko Pontiac, Michigan, kwa modeli za mwaka 1973 hadi 1978 tu, na yote yaliyotoka kiwandani yalizidi kidogo 12,900. Injini na gia zake zilitokana na Oldsmobile Toronado, gari la kifahari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na ndiyo sababu sakafu ya gari lako iko chini kiasi hicho: hakuna propela, yaani chuma kirefu cha kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, inayopita katikati. Fundi wa kawaida anayefungua gereji yake leo huenda hajapata kuligusa hata moja. Kwa hiyo ujuzi uliobaki uko mikononi mwa wamiliki wenyewe, na wao ndio walioupitisha kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Rimu za awali, kwa mfano, zilikuwa za inchi 16.5, na tairi za kipimo hicho zilipoanza kuadimika, wamiliki ndio waliopashana habari juu ya rimu za inchi 16 zinazokaa sawasawa na tairi zinazostahimili uzito ule. Anayekujibu halipwi na mtu yeyote. Anakupa jioni yake, na pengine alikipata anachokufundisha baada ya kukwama barabarani na familia yake.

Sasa tuangalie swali lako lilivyokuwa. Gari linalochemsha kwenye foleni au kwenye mlima wa taratibu, kisha likapoa linapokimbia, humfanya mjuzi ashuku klachi ya feni, yaani kifaa kinachoifanya feni izunguke kwa nguvu joto likizidi, kwa sababu gari linapokwenda polepole ni feni peke yake inayovuta hewa ya kupoza rejeta. Gari linalochemsha kwenye barabara kuu, ilhali upepo wa mwendo unapiga rejeta vizuri, humpeleka kwingine: rejeta iliyoziba ndani, hozi ya chini inayojikunja kwa mvuto wa pampu, themostati isiyofunguka sawasawa. Halafu yuko yule ambaye gari lake halichemshi kabisa, bali geji ndiyo inayodanganya. Ulipoandika neno moja tu, "linachemsha," uliwaachia watu waliokaa mbali na gari lako wakisie kati ya mambo hayo yote, na mwungwana hakisii kwa mali ya mwenzake. Ndiyo maana walikuuliza.

Ukirudi, na tunakusihi urudi, unaweza kuandika hivi: "Habari zenu wote. Nina GMC ya 1976, futi 26, injini ya asili ya inchi za ujazo 455. Sindano ya joto hupanda baada ya dakika kama ishirini za foleni, nikishika barabara kuu hushuka. Maji ya rejeta hayapungui. Nimebadilisha themostati, hali haikubadilika. Feni sijaigusa. Nimesoma majibu ya zamani kuhusu klachi ya feni, lakini sijaelewa jinsi ya kuipima." Tazama jinsi maelezo hayo yanavyomheshimu msomaji: yanamwambia gari ni lipi, tatizo linatokea lini, umekwisha kujaribu nini, na unapokwama ni wapi hasa. Salamu usiiache, hata ikiwa wenyeji wa huko huingia moja kwa moja kwenye jambo. Salamu fupi haimchoshi mtu. Kuuliza si ujinga, ila swali lisilo na maelezo humbebesha mwingine kazi ambayo ni ya mwenye gari.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Gari likipona, rudi useme lilipona kwa nini. Mara nyingi mtu hupewa mapendekezo matano, hufanya mawili, gari hutengemaa, naye hupotea. Anayekuja mwaka ujao na tatizo lilelile hukuta mapendekezo matano bila kujua lipi lilikuwa la kweli. Andika: "Ilikuwa klachi ya feni, nimeweka mpya, joto halipandi tena." Ikiwa ushauri wa fulani haukufaa, sema pia, kwa upole, kwa kuwa huo nao ni ujuzi.

Na wanaojibu wana wajibu wao. Gari hilo lina magurudumu mawili kila upande wa nyuma, moja mbele ya jingine, na sehemu hiyo ya nyuma imebebwa na mifuko ya hewa. Mfuko ukivuja au ukipasuka, sehemu ya nyuma hushuka mara moja. Yeyote anayemwambia mgeni aingie chini akague jambo lolote lazima amwambie kwanza aweke stendi za chuma imara chini ya fremu, asiitegemee hewa wala jeki peke yake. Kumfundisha mtu hatua ya nne ukiacha hatua ya kwanza iliyo uhai wake ni ukosefu wa adabu kuliko hata maneno makali.

SWALI: Naishi Hamburg, na mimi na mume wangu tuna Kombi ya Volkswagen ya miaka ya sabini iliyofungwa vitanda na jiko na kampuni ya Westfalia. Katika kundi letu yuko mzee mmoja Mjerumani anayejua magari hayo kuliko sisi sote, na amenisaidia sana. Juzi alimshauri kijana mmoja awashe jiko la gesi kwa moto mdogo usiku kucha ili gari lipate joto. Najua ni hatari. Nimelelewa kutomsahihisha mkubwa mbele za watu. Nifanyeje?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Dada yetu, msahihishe, tena leo, tena palepale alipoandika. Malezi yako ni mema na tunayaheshimu, na kwa makosa mengi yanatosha: akikosea mwaka wa modeli au ukubwa wa nati, mwandikie faraghani naye atajirekebisha bila kuaibika. Hili si la aina hiyo. Jiko la kupikia halikutengenezwa kuwa kipasha joto. Likiwaka katika chumba kidogo kilichofungwa, hula oksijeni na linaweza kutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Wasomaji wetu wa nyanda za baridi wanalijua balaa hili kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku. Ukimwandikia mzee faraghani, kijana aliyeshauriwa hatakuona, na wengine waliousoma ushauri ule kimya kimya hawatakuona pia.

Heshima yako itaonekana katika jinsi utakavyosema. Anza kwa kutaja aliyokufundisha, kwa kuwa ni kweli. Kisha sema jambo lenyewe bila kulizungusha: "Nimejifunza kwako mengi kuhusu kabureta na breki, nami nashukuru. Kuhusu jiko kuwaka usiku naomba tusilifanye, kwa sababu ya kaboni monoksidi. Anayelala ndani ya gari atumie kipasha joto kinachovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na afunge kengele ya kutambua hewa hiyo." Usiandike kwamba yeye hajui, wala usimkumbushe umri wake. Akikubali, mshukuru hadharani. Akikataa, usibishane naye mara ya pili na ya tatu. Waombe wasimamizi wa kundi wauwekee ushauri ule onyo.

SWALI: Fundi wangu hapa Arusha alinikerezea bushi ya nailoni (kipete kinachoishika fimbo isicheze) ya fimbo ya gia ya Kombi yangu, kwa kuwa ya zamani ililika na gia zikawa hazishiki. Niliweka picha, watu wa Ulaya na Brazil wakanisifu na kuomba vipimo. Je, niwape, na je, nimtaje fundi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Muulize fundi kwanza, kwa kuwa kazi ni yake. Huenda akapenda jina lake litajwe, huenda akataka kutaja gereji tu, au huenda anatazamia kuziuza bushi hizo na hataki vipimo vitolewe bure. Lolote atakalosema, lifuate. Sifa ulizokwisha kupokea zirekebishe mara moja kwa sentensi moja kwamba aliyekereza ni fundi wako.

Akikuruhusu kutoa vipimo, toa vilivyopimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, yaani kipenyo cha ndani, cha nje na urefu, si kwa kukisia kutoka kwenye picha. Taja mwaka wa gari lako, kwa kuwa fimbo hiyo ndefu, inayotoka kwenye gia mbele hadi kwenye gia boksi nyuma, haikuwa sawa katika miaka yote. Eleza pia nailoni aliitoa wapi, kama bushi imepakwa grisi, na kwamba bado hujajua itadumu muda gani. Gari likiwa limetembea vya kutosha, ifungueni tena wewe na fundi, mpime imelika kiasi gani, kisha upeleke vipimo hivyo vipya kwa wale walioviomba vya kwanza.