Kabla hujatoa hela ya gari la spoti: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanakaribiana: gari linang'aa, muuzaji ana haraka, mnunuzi hajui aguse wapi kwanza. Tunaanza na lile linaloulizwa zaidi.

Wakuu, hapa Nakuru nimepata Subaru Impreza WRX STI ya 2010, ile ya mgongo mfupi. Muuzaji anasema injini ilifunguliwa na kufungwa upya mwaka jana, haina shida. Niamini?

Usianze na injini, anza na namba ya chesisi. Kwa gari lililotoka Japani, ikianza na GRB basi ni injini ya EJ207, lita 2.0, na gia sita za mkono. Ikianza na GRF ni A-Line: lita 2.5, EJ257, otomatiki ya gia tano. Tofauti hii utailipia baadaye. Pistoni za 2.5 ni dhaifu kwenye kingo zinazoshika ringi. Petroli duni au kompyuta iliyochezewa huzipasua, na mara nyingi ya silinda namba 4 ndiyo hutangulia. EJ207 huvumilia zaidi, ila zote mbili zikikosa oili husaga beringi za konrodi.

Kusikia tu kwamba injini "ilifunguliwa" hakukusaidii mpaka uone risiti. Uliza pistoni ni mpya au zilisafishwa tu, beringi ni za saizi gani, hedi zilipelekwa kusawazishwa au zilifungwa vilevile. Uliza pia kuhusu pampu ya oili na bomba lake la kunyonyea lililo ndani ya sampu. Bomba hilo hupata ufa kwenye maungio, likaanza kunyonya hewa, presha ya oili ikashuka, na beringi mpya zikafuata za zamani. Asiyeweza kutaja hata kimoja kati ya hivi hakusimamia kazi hiyo. Linganisha na namba ya injini iliyo kwenye logbook. Injini nyingine ikiwa imepandikizwa bila kuandikishwa, tatizo hilo litakuwa lako siku ya kuhamisha umiliki.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Ukifika, fungua boneti uguse bomba la juu la radieta. Likiwa la moto, limepashwa ili lisikuonyeshe kitu. Rudi siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili. Injini hizi hula oili kidogo, kwa hiyo mwenye gari anayejali haachi kiwango kishuke chini ya alama ya chini. Ukiwasha, mlio wa pistoni kugonga unaosikika injini ikiwa baridi kisha ukapotea ikipata joto ni kawaida ya Subaru. Unaopaswa kukufukuza ni mlio mzito wa kugonga unaokuja injini ikiwa ya moto, hasa ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kisha ukaachia mguu taratibu.

Liache lingurume bila kukanyaga mafuta dakika tatu, halafu kanyaga. Moshi wa bluu hapo unaelekeza kwenye sili za turbo. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha tu unaelekeza kwenye sili za valvu au ringi. Mapovu yasiyokoma kwenye tangi la maji ya radieta ni gasketi ya hedi.

Kisha lipia vipimo viwili: kompresheni, na kile cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inapotokea. Kwa ufa wa pistoni hiki cha pili ndicho bora, kwa sababu hewa utaisikia ikipumua kwenye kifuniko cha kujazia oili. Plagi za injini hii zimelala ubavuni na kuzitoa kuna kazi, hivyo fundi atanung'unika. Mlipe. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, bei inabadilika au unaondoka.

La mwisho kwenye kompyuta: programu ya simu inayosoma Subaru itakuonyesha namba iitwayo DAM. Inapaswa kuwa 1.0. Ikiwa pungufu, kompyuta imesikia injini ikigonga na inajikinga. Ikiwa muuzaji amefuta makosa jana, vipimo vya ndani vya kompyuta vitaonekana havijakamilika. Hilo nalo ni jibu. Na ekzosi ikipasua kama fataki kila ukiachia mguu, jua kuna mtu alichezea ramani ya petroli, na joto la michezo hiyo linaishia kwenye turbo na valvu za moshi.

Niko Dar. Mbona Mazda RX-8 ni rahisi hivi kuliko magari mengine ya spoti? Kuna siri gani?

Injini yake haina pistoni. Ni ya kuzunguka, Renesis, lita 1.3, yenye rota mbili, na kila rota ina sili kwenye ncha zake tatu. Sili zikichakaa kompresheni hushuka na hakuna dawa ya chupa: injini inajengwa upya. Bei ya kununua ni ndogo kwa sababu soko linaijua bei ya pili.

Dalili kubwa ni kuwasha ikiwa ya moto. Endesha nusu saa, zima, subiri dakika kumi, washa. Ikizungusha starta muda mrefu kabla ya kuitika, shukuru kwa safari na umrudishie ufunguo. Geji ya kawaida ya kompresheni haifai hapa. Kinatakiwa kipimo cha rota kinachotoa namba tatu kwa kila rota. Mazda inahesabu kPa 830 kuwa ya kawaida na 680 kuwa mwisho, kwa mizunguko 250 kwa dakika. Kama mjini kwako hakuna fundi mwenye kipimo hicho, basi hakuna fundi wa gari hilo pia.

Nayo hunyunyiza oili ndani ya chemba kwa makusudi ili kulainisha sili, kwa hiyo oili hupimwa kila unapojaza tangi mara mbili. Tena usiiwashe kuisogeza mita tano ukazima papo hapo: petroli huloanisha plagi na kesho haiwaki. Kwa mtu anayetaka gari moja la kwenda kazini, sisi hatuipendekezi.

Nina mke na watoto wawili, miaka 3 na 7. Toyota 86 inaweza kuwa gari letu pekee?

Kwa injini, ndiyo. Kwa viti, pima kabla ya kupenda. Milango ni miwili, na kila asubuhi utainama kumfunga mtoto mkanda huku kiti cha mbele kimekunjwa. Beba kiti cha mtoto siku ya kwenda kuliona, kifunge mwenyewe, kisha kaa mbele yake ukiwa umerudisha kiti unakoendeshea kawaida. Mtu mzima wa nyuma hana pa kuweka magoti. Buti ni lita 243 hivi na mdomo wake ni mwembamba, ingawa viti vya nyuma vikilazwa tairi nne zinaingia.

Jambo la pili ni matuta. Gari likiwa jipya tumbo liko milimita 130 hivi kutoka chini, na springi fupi za dukani hupunguza zaidi. Wakalishe watu wanne, ingia chini na tepe, pima mahali pa chini kabisa, halafu kapime tuta la mtaani kwenu. Ukikuta kingo za chini za milango zimekwaruzika au kinga ya plastiki ya chini ya injini haipo, mwenye gari alishafanya hesabu hiyo kwa bampa.

Kwa yaliyotengenezwa 2012 na 2013, uliza kuhusu springi za valvu. Toyota na Subaru waliyaita yarudishwe kurekebishwa kwa sababu springi zingeweza kuvunjika na injini ikazima njiani. Namba ya chesisi huingizwa kwenye ukurasa wa Toyota wa Japani na jibu hutoka hapohapo. Kama kazi ilifanyika, sikiliza injini kwa makini zaidi: kuna zilizoharibika baada ya kufungwa, gundi ya kuzibia ilipokuwa nyingi ikaingia kwenye njia za oili.

Karatasi ya mnada wa Japani imeandikwa R. Dalali anasema ni "imerekebishwa kidogo".

R au RA maana yake gari lina historia ya ajali iliyogusa mifupa ya bodi. Kwa gari la spoti hilo ni zito, kwa sababu pembe za tairi hutegemea mifupa hiyo. Soma mchoro: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya ukarabati, XX ni kipande kilichobadilishwa. XX kwenye bampa haitutishi. W mlangoni pamoja na XX kwenye fenda ya upande huohuo inasimulia pigo moja. Usilipe kabla ya kuona picha za chini ya gari.

Golf GTI ya DSG inatetemeka ikianza kuondoka. Ni kawaida?

Si kawaida. DSG ni giaboksi otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili. GTI za kizazi cha tano, cha sita na nyingi za saba hutumia giaboksi ya gia sita yenye klachi za ndani ya oili, na oili hiyo na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Wengi hawakubadilisha kamwe. Ikiwa risiti ipo na bado inatetemeka, fikiria klachi. Ikiwa haipo, mwambie muuzaji aibadilishe kwanza, kiwango kipimwe oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa, na kompyuta ifundishwe upya. Weka N, sikiliza: mlio wa kopo la misumari ni flaiwili. Kwenye kizazi cha sita, kelele ya sekunde chache ukiwasha baridi ni kikaza cheni, na hiyo haisubiri mwezi ujao.

Magari haya yanataka petroli gani?

Angalia kifuniko cha tangi. Gari la Japani lenye maandishi ya "hai-oku" lilipangwa kwa oktani 96 kwenda juu. Ya kawaida ya huko ni 89. Gari la Ulaya huandikwa 95 au 98. Uliza kituoni namba, si jina la bidhaa. Ikiwa huwezi kupata ya juu, usikanyage hadi chini ukiwa gia ya tano na mizunguko 2,000. Hapo ndipo injini hugonga.

Roadster, lile gari la paa la turubai, imetembea kilomita 28,000 tu na ni ya 2009. Ni bahati?

Huenda, lakini raba hazihesabu kilomita. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kisha mimina lita moja ya maji kwenye kona ya nyuma ya paa la turubai. Yanapaswa kutoka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Yasipotoka, vitundu vimeziba: ingiza mkono nyuma ya kiti ushike zulia, na likiwa na unyevu piga taa chini ya kingo za milango utafute kutu.