Shangazi, nikikubali si nimekata tamaa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji na bado hajaongea. Pale anapofanyia mazoezi ya usemi, wazazi tumealikwa kwenye mafunzo yanayoitwa Tiba ya Kukubali na Kujitoa. Jina lenyewe limenikaa rohoni vibaya. Miaka minne nahangaika nimsikie akisema hata "mama", leo niambiwe nikubali? Tena tangu siku alipoziba masikio na kupiga mayowe harusini, mtu akasema hana adabu, sijampeleka penye watu. Baba yake anasema hayo ni mambo ya wanawake. Niende?
Mama aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda.

Neno hilo lilinichoma na mimi. Binti yangu ana mtindio wa ubongo, sasa ana miaka 19, na nilipoambiwa "kubali" nilitaka kuinuka niondoke. Kwetu kukubali ni kusema ndiyo, ni kushindwa hoja. Kinachokusudiwa pale kiko karibu zaidi na kupokea: majonzi yakija unayaacha yaingie, huyafungii mlango kwa nguvu zako zote. Yanayopokewa ni yale yaliyo moyoni mwako tu. Shule ikimkataa mwanao, hilo halikubaliwi. Mazoezi ya usemi yanaendelea vilevile, na mafunzo haya hayadai kuuondoa usonji.

Zoezi lililonifungua macho lilikuwa la karatasi. Tuliambiwa tuandike wazo linalotutesa kuliko yote. Nikaandika: "Mimi ndiye niliyemponza." Kisha tukaishika karatasi mbele ya macho, ikagusa pua. Sikumwona aliyekaa mbele yangu. Tukaambiwa tuisukume mbali, mikono imenyooka, tukae hivyo. Mabega yakaanza kuwaka. Mwisho tukailaza mapajani. Maneno yalikuwa palepale, sikuyafuta, lakini mikono yangu ilikuwa huru. Nililia, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikimlisha binti yangu, kazi ya dakika 40 kila mlo, na karatasi ile machoni. Nilikiona kijiko. Uso wake sikuuona.

Nadhani na wewe unayo yako. Kama imeandikwa kwamba umemharibu kwa malezi, basi ujue kwamba usonji hausababishwi na malezi. Lakini wazo halitoki kwa kukanushwa tu, ndiyo maana mazoezi yanarudiwarudiwa.

Tiba hii aliianzisha mwanasaikolojia Steven Hayes na wenzake huko Marekani katika miaka ya 1980. Mwaka 2006 yeye na John Blackledge walichapisha matokeo ya mafunzo ya saa 14 kwa wazazi na walezi 20 wa watoto wenye usonji. Dalili za sonona zilipungua, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Watu 20 ni wachache, kwa hiyo sikupi kama ahadi. Nakupa ili ujue kwamba wazazi kama wewe walifikiriwa mapema.

Sasa hiyo "kujitoa". Si kujiondoa, ni kujitolea kwa lile unalolithamini. Utaulizwa unataka uwe mama wa namna gani, kisha hatua gani ndogo inafanana na mama huyo. Barua yako imeshajibu nusu: unataka mwanao awe miongoni mwa watu. Basi shughuli ijayo nendeni dakika 15. Kaeni karibu na mlango, mbali na spika, mwekee vizuia kelele masikioni. Aibu itakuja, na yule wa "hana adabu" huenda naye akaja. Waje. Dakika zikitimia, ondokeni kabla hajaelemewa, na hiyo ihesabu kuwa umefanya ulichokusudia, hata kama alilia.

Ila jambo moja nakusihi. Kama hulali usiku kwa usiku, au umefikia kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usisubiri mafunzo. Mwone daktari au mshauri wiki hii.

Baba yake usibishane naye. Mwombe aje kipindi cha kwanza tu, akae nyuma, asiseme neno. Naye ana karatasi yake, na kwa wanaume wengi niliowaona ni ile ya "nimeshindwa kuirekebisha familia yangu". Akikataa, tangulia wewe. Ukirudi, mfanyishe lile zoezi la karatasi nyumbani, nyinyi wawili, mtoto akishalala.