Makopo matatu kambini

Wiki hii mmeuliza: likija janga jingine kama korona, kliniki za VVU zipunguze wagonjwa au ziendelee kama kawaida? Jibu nilikuwa nalo tayari: zipunguze, mtu apewe dawa nyingi akae kwake. Ila lazima niwaeleze kwanza yaliyompata mdogo wangu.

Yeye ni mvuvi wa dagaa, kambi yao iko kisiwani upande wa Ukerewe. Siku za giza yuko ziwani, siku za mbalamwezi uvuvi unasimama, anakuja kwangu Kirumba, Mwanza, na kliniki alikuwa anaiwahi hapo hapo. Aprili 2020 nilimsindikiza. Getini ndoo ya maji tiririka, mabenchi yametolewa nje, watu wamekaa mmoja mmoja chini ya mwembe. Nesi akampa makopo matatu badala ya moja. Nilishukuru sana.

Usiku nikasikia anahangaika sebuleni. Nikamkuta chini, makopo yote wazi, anashindilia pamba ili vidonge visilie. Kopo la dawa ndani ya begi linalia kama kayamba, na kambini wanalala wanane kwenye chumba kimoja cha mabati. Akaniambia, "Dada, moja nalificha ndani ya buti. Matatu nitayaweka wapi?" Akaondoka na moja, mawili akaniachia.

Mbalamwezi iliyofuata hakuja. Kopo likaisha, akakaa siku tisa bila kumeza, na dawa hii ni kidonge kimoja kila siku. Ukiacha, virusi vinapanda na vinaweza kuizoea. Zamani angekosa tarehe, mhudumu wa jamii angenipigia. Safari hii kadi ilisema arudi mwezi wa saba, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Nilifunga makopo kwenye khanga, nikayazamisha katikati ya unga wa sembe, nikavuka nayo mwenyewe.

Na huyo anajua hali yake. Wale saba wa chumba chake je? Global Fund, mfuko wa kimataifa unaosaidia nchi kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, walisema mwaka 2020 upimaji wa VVU kwenye nchi wanazozisaidia ulishuka kwa asilimia 22. Sheria yetu Tanzania imeruhusu mtu kujipima mwenyewe tangu 2019, basi vipimo hivyo vifike mialoni, wavuvi wanakoshusha samaki, visiishie mjini.

Kwa hiyo sasa nasema hivi: msongamano upungue, ndiyo, na mwalimu au mkulima mwenye kabati la kufuli apewe hata ya miezi sita. Mvuvi apangiwe tarehe kwa mbalamwezi, na apigiwe simu kila mwezi hata kama dawa anazo. Labda kambi nyingine zina usiri kuliko ya kwao, mimi nasema ya kwao.

Siku hizi anapewa ya miezi sita. Makopo manne yako kwangu, chini ya kitanda.