Kabla hujaandika wimbo wa asili, nenda kwanza kakae na wazee

Vijana wa studio huwa wananiuliza, kaka nifanyeje ngoma yangu iwe na ladha ya asili, alafu ukiwasikiliza vizuri unakuta wanachotaka ni kutafuta sauti ya marimba kwenye kompyuta waibandike juu ya biti basi imeisha hiyo. Siku hizi nawajibu kwa jina moja tu, Violeta Parra, mwimbaji na mtunzi wa Chile, na nikianza kumsimulia huyo mama mpaka wengine wanaaga.

Violeta alizaliwa 1917 huko Chile, upande wa San Carlos, baba mwalimu wa muziki, mama fundi cherehani, watoto wengi na pesa hakuna. Baba akafa mapema, watoto wakawa wanaimba popote penye watu ili wapate chochote. Alipohamia Santiago akaimba miaka na miaka kwenye mabaa na dada yake Hilda, bolero, nyimbo za Mexico, chochote mteja anachotaka, yani kupiga kopi kama bendi zetu za hotelini tu. Na mimi sioni ubaya, nimepiga kopi kwenye maharusi na ndiko nilikojua kushika watu wasiondoke, usidharau hiyo shule.

Sasa mwaka 1953 hivi, ana miaka thelathini na tano na watoto juu, kaka yake Nicanor ambaye ni mshairi mkubwa tu akamsukuma aende vijijini akakusanye nyimbo za zamani kabla wenyewe hawajafa. Akachukua gitaa na daftari akaenda. Kuna mama mmoja wa Barrancas, Rosa Lorca, mkunga na mganga wa mitishamba, kazi yake nyingine ilikuwa kuwavalisha watoto wachanga waliofariki, maana kule mtoto akifa alikuwa anavalishwa kama malaika, anakalishwa, na waimbaji wanamwimbia usiku kucha. Huyo akamfundisha mengi. Mzee mwingine, Isaías Angulo, akamfundisha guitarrón, gitaa la Chile lenye nyuzi 25, sio sita jamani, ishirini na tano.

Hapo ndo ushauri wangu unapoanzia. Mimi nimekuwa nikirekodi nyimbo za wazee kwetu Upareni, za kulima, za harusi, za kubembeleza mtoto, na nilichokiona ni kwamba ukifika ukasema "bibi niimbie nyimbo za zamani" atakwambia mjukuu wangu nimesahau zote. Usiulize nyimbo. Muulize walikuwa wanalimaje, nani alikuwa anatangulia, harusi yake ilikuwaje, mtoto akilia usiku walikuwa wanafanyaje, na wimbo utakuja wenyewe katikati ya maneno, we acha simu inarekodi na usimkatishe. Ila mwombe ruhusa kabla hujaiwasha. Alafu uende na chombo chako na uimbe na wewe, mtu aliyeimbiwa anaimba, mtu anayehojiwa kama yuko polisi ananyamaza. Ukimaliza msikilizishe alichoimba, hapo ndo atakumbuka beti tatu alizoruka na kukusahihisha matamshi. Na andika jina la aliyekupa wimbo palepale. Leo ukisoma habari za Violeta unakuta majina ya akina Rosa Lorca yako pale, mtu hajamezwa na "wimbo wa jadi".

Kingine, alivyokusanya hakufungia kabatini. Alipata kipindi Radio Chilena akawa anawarudishia watu nyimbo zao hewani, akatoa na rekodi. Mwaka 1955 akaenda Poland kwenye tamasha la vijana la Warsaw, akabaki Ulaya, na akiwa huko mwanae mdogo Rosita Clara akafariki Chile. Sitaki kusema mengi hapo. Ila wimbo wake Rin del angelito, wa malaika mdogo, ukiusikiliza huku unajua aliyajua yale makesha kutoka kwa wenyewe na yeye mwenyewe kazika mtoto, utaelewa kwanini sauti ya kompyuta haitoshi.

Ugonjwa wa ini ulipomlaza kitandani akaanza kudarizi picha kwenye magunia, na 1964 picha hizohizo zikaonyeshwa Paris, kwenye jumba la Louvre, makumbusho ya sanaa za mapambo. Kwahiyo ukiwa huwezi kuimba fanya kingine, mi nikikauka sauti nachora maumbo ya ngoma nilizoziona.

Sasa upande mchungu. 1965 alirudi Chile akafungua hema kubwa eneo la La Reina, pembeni ya Santiago, awe na mahali pa muziki wa watu. Palikuwa mbali, baridi, watu hawakuja. Februari 1967 alijiua humohumo, miaka 49. Msiniletee yale ya kwamba msanii mkubwa lazima ateseke, huyo mama alikuwa amechoka na yuko peke yake, na kama wewe uko hivyo ongea na mtu leo, nyimbo zitasubiri. Na kwenye upande wa kazi tu, ukumbi weka pale daladala inapofika, nimeona mwenzangu kafungua sehemu nzuri kweli porini na hata ndugu zake hawakwenda.

Ukitaka pa kuanzia tafuta albamu yake Las últimas composiciones ya 1966, ndo yenye wimbo Gracias a la vida ambao mwimbaji Mercedes Sosa wa Argentina aliusambaza dunia nzima baadae. Ila usiishie hapo, rudi kwenye rekodi zake za miaka ya hamsini, yeye na gitaa tu, nyimbo za vijijini. Zisikilize hizo kwanza wiki nzima alafu ndo uje kwenye ya 1966, utasikia mwenyewe kipi alikiokota na kipi alikitunga. Na kama bibi yako bado yupo, nauli ya kwenda kumuona haizidi bei ya siku moja ya studio.