Uliza Fundi wa Sauti: Nifanyeje maktaba isimulie yenyewe?

SWALI: Shikamoo, Fundi. Nafanya kazi kwenye maktaba ndogo ya watoto. Mkuu wangu ametenga fedha kidogo, anataka tununue miwani tatu za uhalisia pepe, zile zinazofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta, ili watoto waone mambo mapya. Naona kabisa watakavyopanga foleni, kila mmoja avae dakika tano, basi, warudi nyumbani. Mimi natamani jengo lenyewe liwasimulie: rafu, ngazi, lile dirisha la nyuma. Ila sijui kuandika programu. Nianzie wapi?
Mtunza Vitabu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana umeshika jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa nimekwisha kutumia nusu ya maisha yangu kwenye chumba cha kurekodia redioni.

Miwani ni chombo kizuri kwa kazi yake. Anayejifunza kurusha ndege aivae, daktari anayejizoeza upasuaji aivae. Lakini mtoto akiivaa maktabani, maktaba humpotea. Wewe unataka kinyume chake: aje na simu ya mama yake, na ile simu imrudishe kwenye rafu aliyoipita mara mia bila kuiona.

Na watu wana hamu hiyo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 jiji la Melbourne, Australia, liliipa miti yake namba na anwani za barua pepe ili wakazi watoe taarifa za matawi yaliyovunjika. Watu wakaanza kuiandikia miti yenyewe. Waliisalimu, waliishukuru kwa kivuli, wengine wakaieleza mapenzi yao, na baadhi ya barua zikapata majibu. Mwaka huohuo huko Bristol, Uingereza, wabunifu walichukua namba zilizokuwa tayari zimeandikwa kwenye nguzo za taa na masanduku ya posta. Mtu akituma namba ile kwa ujumbe mfupi wa maneno, nguzo ilimuuliza swali, kesho yake ikamweleza mpita njia mwingine alichojibu. Hapo hakukuwa na miwani wala simu ya bei kubwa. Namba zilikuwepo siku zote. Kilichoongezwa ni mazungumzo.

Nikupe na langu. Nilipokuwa nikiishi kwenye jengo la ghorofa nne, nilitengeneza matembezi ya sauti ya ngazi zetu. Bibi mmoja jirani, aliyetutangulia sote kuhamia pale, alikuwa na kisa cha kila mlango. Nikamrekodi sebuleni kwake, madirisha yamefungwa, sauti imetulia kama maji mtungini. Nikawapa wapangaji wenzangu waisikilize wakipanda. Hakuna aliyesimama popote. Sauti ilikuwa ya sebuleni na wao walikuwa kwenye zege. Sikio linaijua tofauti hiyo hata kama mwenye sikio hajui.

Nikarudi kumwomba tupande pamoja. Akapanda polepole, akihema, mkono kwenye reli, mimi nyuma yake na kinasa sauti. Karibu na ghorofa ya pili akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kipandio hiki ni kifupi kuliko vingine, angalia mguu." Sikukata pumzi yake hata moja. Walioisikiliza safari ile walisimama palepale, wakainama, wakakitafuta kile kipandio kwa unyayo. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa humo miaka sita hakuwahi kujua kwamba kipo. Bibi yule ameshafariki, na mimi nilishahama, lakini mpaka leo nikipanda ngazi yoyote mguu wangu unapima vipandio.

Hiyo ndiyo kazi yako, mwanangu. Msanii wa Kanada, Janet Cardiff, aliianza mwaka 1991 huko Banff: alirekodi akitembea msituni, na msikilizaji huifuata njia ileile huku sauti yake ikimwongoza sikioni. Ukisikia hatua nyuma yako, unageuka kutazama. Siri ni kwamba imerekodiwa mahali hapohapo itakaposikilizwa. Kwa hiyo usimsomeshe mtu hadithi ofisini kwako. Mpeleke msimuliaji kwenye dirisha la nyuma, aegemee kizingiti, aseme anachokiona. Na kila kipande kiwe na jambo moja la kufanya kwa mwili: weka kiganja kwenye ubao wa rafu, inama usome jina la chini kabisa, hesabu vioo vya dirisha. Mtoto ambaye mkono wake umegusa ubao hawezi tena kusema maktaba haina kitu.

Sasa ufundi wenyewe, maana najua utaniuliza. Usitumie GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoiambia simu iko wapi; ndani ya jengo haikufai. Mimi niliwahi kuitegemea nje, kisa kianze mtu akifika chini ya mti fulani. Mahali pa wazi simu hukosea kama mita 5, na palipo na majengo mawimbi hugonga kuta, kosa likakua. Kisa cha mti kikawa kinaanza msikilizaji yuko katikati ya barabara. Nilikiondoa siku hiyohiyo, na bado naogopa nikikumbuka.

Tumia msimbo wa QR, ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe: kamera ya simu ikiusoma, sauti uliyoiweka mtandaoni inafunguka. Huo ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani, kwenye kampuni ya Denso Wave, na Masahiro Hara na wenzake, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, mahali penye grisi na mikwaruzo. Ndiyo maana ukiutengeneza kwa kiwango cha juu kabisa cha kusahihisha makosa, bado husomeka hata kama takriban asilimia 30 yake imechafuka au kuchanika. Kwa mikono ya watoto hiyo ni baraka. Uchapishe mweusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, uuachie ukingo mweupe pande zote, na upana wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya umbali wa anayeusoma. Mtoto atasimama nusu mita? Sentimita 5 zinatosha. Ubandike usawa wa macho ya mtoto, si ya kwako.

Sauti yenyewe rekodi kwa simu uliyonayo, ukiishika kiganja kimoja tu kutoka mdomoni mwa msimuliaji. Kipande kimoja kisizidi dakika moja na nusu. Ukikihifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, hakifiki megabaiti moja, na mzazi hatalalamikia bando. Anza na vitano tu. Kisha mtafute mtoto asiyeijua maktaba yenu, mpe simu, mfuate nyuma bila kumsemesha. Palipomshinda, hapo ndipo pa kurekebisha, hata kama wewe unapapenda sana.

Mkuu wako mweleze kwa heshima: fedha za miwani moja zinunulie hedifoni kadhaa za kuazimisha na karatasi nzuri. Mwambie pia kwamba miwani itachakaa, ila sauti ya msimuliaji mzee wa mtaani kwenu haitanunulika tena akishaondoka.

SWALI: Fundi, mwanangu wa kiume alivaa miwani ya uhalisia pepe kwa rafiki yake, akatapika. Ana tatizo la macho?
Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Ndugu yangu, mara nyingi si macho. Macho yanaambiwa mwili unakimbia, huku sehemu ya sikio la ndani inayopima mwendo inasema tumekaa. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo hulipa. Picha ikichelewa kufuata kichwa huwa mbaya zaidi. Wataalamu hulenga ucheleweshaji usiozidi milisekunde 20 hivi. Akijaribu tena, akae kwenye kiti, achague michezo ambayo yeye mwenyewe hasafirishwi, na avue mara tu jasho jembamba linapoanza. Asijilazimishe kuzoea kwa kuvumilia. Soma pia umri wa chini ulioandikwa kwenye maelekezo ya mtengenezaji, uufuate. Akiendelea kuumwa kichwa hata bila miwani, hapo mpeleke kwa daktari.

SWALI: Kaka Fundi, mimi na wenzangu tunatengeneza mchezo wa simu. Ukielekeza kamera mahali fulani, kiumbe kinatokea kwenye kioo. Tumepata mahali pazuri sana, pametulia, pana miti mikubwa. Ni makaburini. Mwenzetu mmoja anakataa. Tufanyeje?
Vijana Wanne

JIBU: Msikilizeni huyo mmoja. Mwaka 2016 Pokémon GO, mchezo wa simu kama huo wenu, ilipotoka, wachezaji walijikuta wakiwinda viumbe ndani ya Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi mjini Washington, na kwenye bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la atomiki huko Hiroshima, Japani. Wasimamizi wa pote pawili waliomba maeneo yao yaondolewe. Watengenezaji hawakuwa na nia mbaya, ila ramani haikuwaambia pale pana nini.

Ninyi hamwezi kusema hamkujua, maana mmefika, mmeona utulivu. Anayekuja kumlilia mamaye hajaomba kukutana na kijana anayezungusha simu juu ya kaburi. Hamisheni kiumbe wenu. Na kama mnaona miti ile ina jambo la kusema, nendeni bila simu, mtafuteni anayefagia pale, mkae naye asubuhi moja. Akikubali kusimulia, na wenye makaburi wakikubali, niandikieni tena. Nitawafundisha namna ya kumrekodi huku ufagio wake ukisikika.