Mbwa wa jirani amekonda na ananuka: je, ni ukatili au ni ugonjwa?

Swali: Daktari, shikamoo. Jirani yangu ana mbwa anayefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku na mchana. Miezi michache iliyopita alikuwa na mwili, sasa mbavu zinahesabika. Tangu wiki iliyopita nikipita karibu nasikia harufu mbaya kutoka kwake, na kila mara anajikuna shingoni. Mwenye mbwa si mtu mbaya, tunasalimiana vizuri tu. Nitajuaje kama huu ni ukatili au mbwa anaumwa? Na nikienda kuripoti, niseme nini nisije nikaonekana mchochezi?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo harufu, maana imenishtua kuliko mbavu.

Mbwa akivishwa mkanda wa shingoni angali mdogo, na mkanda usilegezwe kadiri anavyokua, ngozi huanza kukatika taratibu mpaka nyama inaufunika. Kwa mbali huoni kitu kwa sababu ya manyoya. Unachoweza kuona ni mstari wa manyoya yaliyolowa kuizunguka shingo, nzi wanaotua palepale, na mbwa anayekwepa kuguswa kichwani. Harufu hiyo ni ya usaha. Niliwahi kuletewa mbwa wa namna hiyo. Nilipomnyoa shingo nikakuta kipande cha chuma cha mkanda tu ndicho kilichobaki nje, mkanda wenyewe umezama kwenye nyama. Mwenye mbwa alisimama pembeni akilia. Muda wote huo alidhani ni upele.

Sisemi kwamba mbwa huyu wa jirani yako yuko hivyo, kwa kuwa sijamwona. Lakini harufu, kujikuna na mnyororo wa kudumu vikikutana, mbwa huyo anapaswa kuonwa na daktari upesi. Na kama ni mkanda uliozama, asijaribu mtu kuutoa kwa mkono wala kwa kisu. Hutolewa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwani mishipa mikubwa ya damu iko hapohapo.

Sasa kukonda. Sisi hupima mwili wa mbwa kwa alama 1 hadi 9, ambapo 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene uliopindukia, na mbwa mwenye afya huwa 4 au 5. Unaweza kujifunza kipimo hiki kwa mkono wako. Kunja ngumi, kisha pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikiguswa hivyo, mbwa amekonda mno. Nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa, zinasikika bila kuchomoza. Wewe humgusi mbwa huyo, kwa hiyo tumia macho. Angalia kama uti wa mgongo na mifupa ya nyonga imechomoza, na kama mapaja yamepungua nyama. Mbavu peke yake zisikuhukumie kesi. Wapo mbwa wa jamii ya wakimbiaji ambao mbavu zao huonekana wakiwa wazima kabisa, na mbwa anayenyonyesha, mzee, mwenye minyoo au mwenye ugonjwa wa figo anaweza kukonda huku bakuli lake likijazwa kila siku.

Ndiyo maana swali lako, ukatili au ugonjwa, halijibiwi kwa kumtazama mnyama peke yake. Tazama na alichozungukwa nacho. Kuna maji, na je, anayafikia akiwa kwenye mnyororo? Ana kivuli jua likihama? Kinyesi ni cha leo au kimerundikana? Mwaka 1965, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell nchini Uingereza ilisema mnyama anayefugwa awe na nafasi angalau ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mimi mpaka leo hutumia maneno hayo nikitazama mnyororo: je, mbwa huyu anaweza kufanya yote matano?

Ugonjwa si kosa la mtu. Kumwacha mnyama augue wiki baada ya wiki bila matibabu, hilo ndilo kutelekeza, na nchi nyingi sheria zake hulihesabu kama ukatili hata kama hakuna aliyeinua fimbo. Wengi hudhani ukatili ni kipigo tu. Kwa ninayoyaona mimi, wanaoteseka kimyakimya ni wengi zaidi: punda aliyeota kwato mpaka zikajipinda, kuku waliojazana bandani na mizoga ya wenzao, paka wengi kupita uwezo wa anayewafuga.

Kwa kuwa mnasalimiana, unaweza kuanza na neno la kistaarabu: "Naona mbwa anajikuna sana shingoni, huenda ana kidonda, tumtafutie daktari?" Wapo ambao hushtuka na kuchukua hatua siku hiyohiyo. Wengine wameelemewa na uzee au maradhi yao wenyewe, na wanahitaji msaada kuliko mashtaka. Ila usijaribu hivyo pale penye kipigo, vitisho au mapigano ya wanyama. Hapo nenda moja kwa moja kwa wahusika. Na ukiona mnyama anapigwa nyumbani, wafikirie pia watoto na wakubwa waliomo humo. Mara nyingi mkono ni uleule. Hilo nalo liseme unaporipoti.

Anayepokea taarifa ni polisi, ofisi ya mifugo ya eneo lako, au chama cha kutetea wanyama kama kipo. Hofu yako ya kuitwa mchochezi itaondoka ukieleza ulichoona na kuacha kueleza unavyomwona jirani. "Jirani yangu hana huruma" haimsaidii afisa. Hii inamsaidia: "Jumatatu saa 7 mchana, mbwa dume wa kahawia, amefungwa mnyororo mfupi juani, hakuna chombo cha maji, manyoya ya shingo yamelowa na yana nzi. Jumatano saa 1 asubuhi, hali ileile." Andika siku, saa na mahali uliposimama. Piga picha ukiwa kwako au njiani, bila kuruka ukuta, na kila siku upige kutoka palepale ili mabadiliko yaonekane. Anayechechemea mrekodi kwa video. Omba namba ya taarifa na jina la aliyeipokea, na siku chache zikipita kimya, rudi ukiwa na namba hiyo. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe, ingawa kesi ikifika mahakamani, shahidi aliyeona kwa macho ana uzito mkubwa.

Picha hizo usizisambaze mitandaoni. Nimeona mnyama akihamishwa usiku kwa sababu hiyo, na afisa alipofika akakuta mnyororo mtupu.

Najua utatamani kumtupia chakula. Maji mpe, kama unaweza kumfikishia bila kuingia kwa watu. Chakula kingi kwa ghafla ni hatari kwa mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu: mwili unapoanza kukitumia, madini kama fosfeti hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Hulishwa kidogokidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa huyu wako sikushauri kukusanya kumbukumbu za wiki mbili. Picha za leo na za kesho asubuhi zinatosha. Zungumza na jirani kesho hiyohiyo, na ikifika jioni mbwa hajapelekwa popote, toa taarifa, na harufu hiyo uitaje kwanza.