Jibu kwa dada wa kesi ya mauaji: wakili wa kupangiwa na mahakama, yaliyotukuta sisi Dodoma

Dada, pole sana. Umeuliza kama ni kweli kaka yako aliyeko mahabusu Isanga kwa kesi ya mauaji atapewa wakili bure, na kama huyo wa bure atakuwa na maana yoyote, au muuze shamba la zabibu mtafute wenu. Mdogo wangu alipita njia hiyo hiyo hapa Dodoma, kuanzia 2018. Nakueleza tulichokiona.

Wakili atapewa. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo mahakama inampangia wakili wa kujitegemea ambaye malipo yake yanatoka serikalini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inasema jaji au hakimu akiona haki inadai mshtakiwa awe na wakili, na uwezo hana, anaamuru apewe. Familia haitoi hata shilingi. Mtu akikuomba "ya mafuta" au "ya kufungua faili" kwa ajili ya wakili huyo, usitoe, nenda kwa Naibu Msajili, ofisa wa Mahakama Kuu anayepanga mawakili hao, ukaulize.

Ila shika vizuri majina, maana hapo ndipo sisi tulipoumia. Mama alifika mahakamani akauliza wakili aliyetolewa na serikali yuko wapi. Mtu kwenye korido akamwonyesha chumba: "Wakili wa Serikali yupo mle." Mama akaingia, akakaa, akaanza kumwaga yote: ugomvi ulivyoanza, nani alimpiga nani kwanza, mwanawe alivyokimbilia kwa shangazi usiku ule. Bahati yule dada alikuwa muungwana. Akamkatisha: "Mama, usiniambie mimi. Mimi ndiye ninayemshtaki mwanao." Wakili wa Serikali ni mwendesha mashtaka. Wa kwenu ataitwa wakili wa utetezi, na barua ya kumpanga hutoka kwa Naibu Msajili. Mama alilia njia nzima mpaka tukashuka Bahi. Nimeshaona familia nyingine mbili zikifanya kosa hilo hilo, kwa hiyo waambie wazee wenu mapema.

Jambo la pili ni kwamba wakili huyo huja amechelewa, na si kwa uvivu wake. Kesi huanzia kwa hakimu wa mahakama ya chini kabla ya kufika Mahakama Kuu; wakati iko huko, hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza, na kaka yako haruhusiwi kujibu kitu. Dhamana kwa mauaji haipo. Karandinga linawaleta kila baada ya wiki mbili, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, wanarudishwa. Sisi baada ya mwaka tukaacha kwenda, nauli ilitushinda. Na ni katika kipindi hicho tulichosusa ndipo siku muhimu ilipita: alisomewa maelezo ya mashahidi kabla ya faili kupelekwa Mahakama Kuu, akaulizwa kama ana la kusema na kama ana mashahidi wa kuwataja. Alikuwa peke yake. Akasema hana. Mama muuza pombe ya mtama aliyeona kila kitu hakutajwa.

Kwa hiyo msiache kwenda. Siku hiyo kaka yako atapewa nakala ya maelezo ya mashahidi. Ni haki yake. Mwombeni, mkatoe kivuli, mkae nayo nyumbani muisome mstari kwa mstari. Nyie mnawajua hao mashahidi na mnayajua mazingira, wakili hajui.

Sasa kuhusu kama wakili wa bure ana maana yoyote. Wakili wetu alionana na mdogo wangu mara ya kwanza asubuhi ya usikilizwaji wa awali (hatua ya mwanzo Mahakama Kuu, kabla ya mashahidi), kwenye mahabusu ya mahakama, dakika kumi hivi, na washtakiwa wengine wawili wa kikao kile wakimsubiri yeye huyo huyo. Nilikasirika sana. Hakujua hata kama ulikuwa ugomvi wa kilabuni. Aliposimama akamwambia jaji ukweli kwamba hajapata muda wa kutosha na mteja wake, na jaji akaahirisha. Nilimheshimu kuanzia hapo. Kaka yako naye ajue kwamba jaji akimuuliza kama amezungumza na wakili wake, ajibu kweli. Aibu ya dakika moja isimfunge mdomo.

Wiki ile ile mimi na baba mdogo tukamfuata ofisini na daftari. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa tarehe na saa. Saa ndiyo iliyomfanya aweke kalamu chini. Mgambo walimchukua mdogo wangu alfajiri, jua halijatoka, na maelezo yake ya onyo, yaani yale aliyoyatoa polisi alipohojiwa, yameandikwa jioni. Sheria inataka polisi wamhoji mtu ndani ya saa 4 tangu ashikwe, ukiacha muda wa kumsafirisha, labda wawe wameongezewa muda. Kwenye faili hakukuwa na saa ya kukamatwa. Sisi tulikuwa nayo, na jirani aliyeshuhudia alikuwepo. Pia ripoti ya uchunguzi wa mwili ilionyesha pigo moja la fimbo, na yule mama wa kilabuni alikuwa tayari kusema marehemu ndiye aliyeanza. Babu mmoja aliyetenganisha ugomvi anaongea Kigogo tu, wakili akamwombea mkalimani mapema.

Mwishowe upande wa mashtaka ulikubali kubadilisha shtaka liwe kuua bila kukusudia, mdogo wangu akakiri. Jaji alizingatia muda aliokaa mahabusu, akampa miaka 5. Leo yuko nyumbani. Kwa shtaka la kwanza adhabu ilikuwa kunyongwa. Sikuambii kesi yenu itaisha hivyo, marehemu naye ana wazazi na hilo tulilibeba mpaka leo. Nakuambia wakili yule yule wa dakika kumi alikuwa wakili kamili alipopata cha kufanyia kazi.

Kama kaka yako anasema hakuwepo eneo la tukio, hiyo msikae nayo. Utetezi wa kuwa mahali pengine unatakiwa utolewe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Mwambieni wakili siku ya kwanza: alikuwa wapi, na nani, nani alimwona.

Wasaidizi wa kisheria wa kata watakuelekeza na kukuandikia barua, ila hawawezi kusimama mahakamani. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa hapa Dodoma 2023 imewasaidia wengi, zaidi ni ardhi, mirathi na ndoa.

Shamba msiuze kwanza. Sisi tuliuza ng'ombe wawili mwaka ule wa kwanza tukampa mtu aliyevaa suti, akatuonyesha muhuri, kumbe kishoka, wakili feki. Hatukumwona tena. Ukitaka kulipa wakili wenu, ingiza jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili uone kama ana leseni hai, ndipo muongee bei. Na leo hii, kabla watu hawajaanza kusahau, nunua daftari, waulize waliokuwepo kaka yako alikamatwa saa ngapi, na nani, na akapelekwa kituo gani kwanza.